Leseni ya Mama Mapipa

9 Februari 1948

Mdogo wangu Wino,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, zile ulizotuma na zile ulizosahau. Sisi huku wazima. Mama naye mzima, ila macho yanazidi kufanya ukungu. Juzi alisimama mbele ya koti la mvua lililotundikwa nyuma ya mlango, akalisalimia kwa heshima zote na kuliuliza hali ya watoto. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akakaa chini. Anauliza kama wifi yangu anakula vizuri na hiyo mimba yake, na anasema wewe uache kula upesi upesi kama mtu anayefukuzwa.

Sasa nina shauri. Leseni yangu ya kuuza pombe inakwisha mwezi wa sita, kama kila mwaka. Na kama kila mwaka nimepeleka maombi mapema, nimevaa viatu, nimesubiri kwenye benchi. Safari hii karani wa hapa amechukua karatasi yangu akaitia chini ya jiwe la mezani, akasema, "Mama Mapipa, subiri kidogo." Miaka kumi na moja sijawahi kuambiwa nisubiri. Wanawake wenzangu sita wenye leseni wameambiwa hivyo hivyo.

Nafaka mwaka huu imekubali. Nataka ninunue nyingi niloweke, na upande wa nyuma nijenge banda jingine la mapipa, maana wateja wananyeshewa. Nguzo nimeshazichagua. Wewe unakaa huko Makao Makuu, na leseni za jimbo zima zinapita mezani kwako. Niambie neno moja tu: nijenge au nisijenge?

Mimi dada yako, mwenye mikono inayonuka kimea.


1 Machi 1948

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama umfikishie mkononi, si mdomoni tu. Mke wangu anakula, mimi ndiye ninayepunguziwa sahani. Miguu imemvimba kidogo lakini mkunga anasema ni kawaida. Nimecheka sana habari ya koti.

Ofisini kumebanana. Tuko makarani wanne chumba kimoja, dirisha moja, na kabati la majalada ambalo ufunguo wake Karani Mkuu anautundika shingoni hata akienda chooni.

Kuhusu shauri lako, siwezi kuandika lolote. Nilipoajiriwa nilikula kiapo, nawe ulikuwepo nikifanya mazoezi ya maneno yake uani. Lakini nakuomba kama ndugu: banda usijenge. Nafaka nunua ukipenda, ila usiloweke nyingi. Wewe unaijua nafaka kuliko mtu yeyote, unajua kuchagua, kuanika, kusaga. Kuna kazi nyingi za heshima mtu anaweza kufanya na unga.

Usinikasirikie.

Mdogo wako.


15 Machi 1948

Mdogo wangu,

Salamu za Mama hizi hapa. Zangu zitafuata nikitulia.

Kazi za heshima. Nimeisoma barua yako mara nne, na kila nikifika hapo naona giza. Nilipomsomea Mama hapo niliruka, nikamsomea habari za miguu kuvimba.

Sasa nakuuliza, na usinizungushe. Siku ya harusi yako, wakwe zako walipouliza mimi nafanya kazi gani, ulisema, "Dada anashughulika na nafaka." Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kiatu. Nikasema moyoni, ni harusi, mtoto ana wasiwasi, yatapita. Kumbe hayakupita. Sasa una mtoto njiani na hutaki aje kuambiwa shangazi yake anauza pombe.

Baba alipokufa ulikuwa na miaka tisa. Kola yako nyeupe ya kwanza niliifua mimi, kwa maji niliyoyateka kwa ajili ya mapipa. Wino uliokuwa ukijimwagia mpaka masikioni, hata jina lako la utani likatoka hapo, ulitoka kwenye mapipa. Leo mapipa yanakunukia vibaya. Sawa. Wewe endelea kuwa bwana mkubwa wa karatasi, nami nitabaki na walevi wangu, ambao angalau wakiniona barabarani wananiita kwa sauti.

Banda nitajenga.

Dada yako, kama bado unalikubali neno hilo.


2 Aprili 1948

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Siwezi kuijibu, nawe utaniwia radhi au hutaniwia.

Tarehe 28 mwezi uliopita tumepata mtoto wa kike. Yeye na mama yake ni wazima. Tumempa jina lako.

Mdogo wako.


3 Mei 1948

Mdogo wangu Wino, na wifi yangu, na mwanangu mchanga mwenye jina langu,

Mwezi mzima nimeshindwa kushika kalamu. Uji wa mzazi nimemfungia wifi kwenye mfuko mwekundu, dereva wa lori la posta ataleta. Asipoleta niambie, nyumba yake naijua.

Barua yako ile fupi niliisoma kwa sauti mbele ya Mama kabla sijaipitia peke yangu. Nilipofika kwenye jina nikanyamaza. Mama akauliza, "Limeandikwa jina la nani?" Nikamwambia. Akakunja ncha ya kanga yake, kisha akasema, "Na huyu ndiye unayedhani anakuonea haya?" Kumbe siku zote alikuwa anajua nilichokuwa nakiruka. Nikaenda kukoroga pipa lisilohitaji kukorogwa.

Hata hivyo sikukuandikia. Kiburi changu unakijua. Ilibidi nigongwe mara ya pili.

Jumatatu iliyopita tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Wenzangu walikuja kunichukua mbio nikawasomee, maana kati yetu saba mimi ndiye mwenye macho ya kusoma. Nilisoma nimesimama kwenye jua. Kuanzia tarehe mosi Julai leseni zote za watu binafsi zinakufa. Pombe itauzwa mahali pamoja tu, kwenye ukumbi mpya wa pombe, na leseni ya ukumbi amepewa mkandarasi, yule tunayemwita Nusu Kibaba kwa sababu ya vipimo vyake. Ndiye huyo huyo anayelisha hospitali na jela unga.

Mwenzangu mmoja, yule mwembamba mwenye watoto pacha, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nisome tena labda kuna kitu chini. Chini kulikuwa na sahihi na tarehe tu. Ishirini Januari.

Mdogo wangu, niliitazama ile tarehe mpaka herufi zikacheza. Ishirini Januari. Mimi nilikuuliza Februari. Wewe ulikuwa umeshaona, pengine kwa mikono yako mwenyewe umeipiga mashine, na ukatafuta namna ya kunishika mkono bila kufungua mdomo. Nami nikakutapikia nyongo.

Sijui kuomba radhi kwa uzuri. Nimekosa. Ningekuwa na wewe hapa ningekupikia nikakutazama unavyokula upesi upesi nisiseme neno.

Banda nilikuwa nimesimamisha nguzo nne. Nimezing'oa.

Jambo la mwisho, nakuarifu tu, sikuulizi kitu. Pembeni ya tangazo lile palikuwa na karatasi nyingine, ya kualika watu kuomba tenda ya unga wa hospitali na wa jela kuanzia Julai. Haikusema mwanamke asiombe. Nilisoma mara mbili kuhakikisha. Tuko saba, tuna ungo, tuna mikeka ya kuanikia, nafaka tumenunua, na mwenye mashine ya kusaga karibu na stesheni ni mteja wangu wa zamani. Tunaomba.

Dada yako.


20 Mei 1948

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo na ya tatu.

Mfuko mwekundu umefika, dereva amenusurika. Mama mtoto anakunywa uji na kukusifu mpaka naona wivu. Mwenye jina lako ana sauti. Akilia, jirani wa pili anagonga ukuta.

Usiombe radhi kwa yote, maana si yote uliyokosea. Siku ya harusi nilikuonea haya. Nimezunguka neno hilo wiki nzima na sasa nimeliandika. Niliwaona wale wazee wamekaa kwenye viti vyao vya kusukwa, ulimi ukanigeuka, nikasema nafaka. Nilikuona ukitafuta kiatu ambacho ulikuwa umekivaa. Tangu siku hiyo sijapata mahali pa kukiweka kitu hicho. Jina la mtoto lilikuwa kunyoosha mkono tu, halikufuta.

Kuhusu karatasi uliyoitaja mwisho, tafadhali usiniandikie neno lolote mpaka bahasha zifunguliwe. Zinafunguliwa hapa, chumba ninachokaa mimi. Niandikie habari za Mama tu.

Mdogo wako.


18 Juni 1948

Mdogo wangu,

Nakuandikia habari za Mama tu, kama ulivyoamuru.

Mama mzima. Mama siku hizi anaamka mapema na kukaa uani pamoja na wanawake sita wengine, wakishughulika na kitu ambacho sitakitaja. Kwa kuwa macho hayamsaidii, anakipitisha vidoleni, na kila chembe mbovu anaitupa pembeni, na hakosei hata moja. Mama amemgombeza yule mwembamba kwa kuacha mchanga kwenye kitu hicho. Mama amejipaka kitu hicho mpaka kwenye kope na anaonekana kama amezeeka mara mbili.

Mama alisimamia mfuko mdogo wa mfano wa kitu hicho ukishonwa, akasema ushonwe tena kwa sababu mshono ulikuwa umepinda. Mama alinisindikiza posta.

Hizo ndizo habari za Mama.

Dada yako mtiifu.


26 Julai 1948

Mdogo wangu,

Wazima wote? Mbona kimya? Barua yangu ya Mama haikujibiwa, na ile ya tarehe mbili mwezi huu nayo haikujibiwa. Nimemuuliza dereva wa posta mpaka sasa akiniona anapitia barabara ya nyuma.

Habari njema huenda unazijua. Tumepata tenda ya hospitali. Ya jela imebaki kwa Nusu Kibaba. Bibi Mkubwa wa wauguzi alitia mkono ndani ya mfuko wetu wa mfano, akasugua unga vidoleni, akautia mkono ndani ya mfuko wa mkandarasi, ukatoka na fukusi watatu wakitembea. Aliwapanga kwenye karatasi nyeupe akawapeleka mwenyewe kwa daktari. Tumeshafikisha mizigo mitatu.

Ile habari nyingine imenikosesha raha. Jumanne iliyopita tarishi alikuja kuniita. Bwana Shauri ananitaka, nije na barua zote nilizoandikiwa na ndugu yangu. Nilifikiria kuzitia jikoni. Mama akasema, "Ukichoma watasema zilikuwa na kitu." Nikaenda nazo zote tatu za mwaka huu, nimezifunga kwenye leso.

Bwana Shauri alizisoma mwenyewe, Kiswahili anakijua japo anakikanyaga. Mkalimani alikuwepo. Alisema mkandarasi amelalamika kwamba karani wa tenda alinivujishia siri ya leseni tangu mwanzo wa mwaka, na ndiyo maana tulikuwa na nafaka kavu tayari tenda ilipotangazwa. Akaweka kidole kwenye barua yako ya Machi.

"Ameandika usiloweke nafaka nyingi. Wewe ulielewa nini?"

"Nilielewa kwamba ananionea haya, Bwana."

"Haya ya nini?"

"Ya kazi yangu. Ameoa kwa watu wazito. Nilikasirika, nikamjibu kwa matusi."

"Ulimtukana namna gani?"

"Bwana, baba yake mkalimani wako ni mtu ninayemheshimu. Siwezi kurudia mbele ya mwanawe. Barua anayo ndugu yangu, kama hajaichana. Na kama ningeelewa siri, ningekwenda kusimamisha nguzo za banda? Mashimo yapo uani, njoo uyaone."

Alikuja kweli. Alisimama uani na kofia yake, akayatazama mashimo manne, akaingiza fimbo kwenye moja kupima. Kisha akamsalimia Mama akaondoka. Barua hakunirudishia.

Mkalimani alinong'ona mlangoni kwamba huko Makao Makuu na droo yako imefunguliwa. Niandikie. Hata mstari mmoja. Hata habari za Mama tu.

Dada yako.


9 Septemba 1948

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na mwenye jina lako amepata jino. Utaona bahasha ina muhuri usioujua. Tumehamishwa. Huku ni mwendo wa siku mbili kwa lori, na posta hupita kila baada ya wiki mbili ikikumbuka. Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa nimekatazwa mpaka shauri liishe, na lilipokwisha sikujua nianzie wapi. Naanzia mwanzo.

Siku ya kufungua bahasha, Bwana wa Tenda, mkubwa wa ofisi yetu, alikuwa akizikata kwa kisu kidogo na mimi nikiandika orodha. Ya sita ilikuwa yenu. Mwandiko wako niliutambua kabla haijatoka nje yote. Nikaweka kalamu chini, nikasimama.

"Bwana, hii ni ya dada yangu."

"Dada wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Toka nje. Niitie karani wa barua aandike badala yako."

Nilikaa barazani na wafagiaji mpaka wakamaliza. Nataka ujue, unga wenu ulishinda wenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Baada ya wiki mbili malalamiko yakaja. Wakafungua droo yangu, wakaitoa barua yako ya tarehe 15 Machi. Nyingine nilizichana, hiyo sikuweza, usiniulize kwa nini. Karani Mkuu aliamriwa aisome kwa sauti na kuifasiri sentensi kwa sentensi, mbele ya Bwana na makarani wote watatu. Alipofika kwenye kola na maji ya mapipa alisita, akaniangalia, akafuta miwani. Alipofika kwa walevi wanaokuita kwa sauti, Bwana wa Tenda aligeukia dirishani. Barua ilipokwisha alisema, "Mtu aliyeambiwa siri haandiki hivi." Kila mmoja chumbani aliamini. Matusi yako, Dada, ndiyo yaliyonisafisha.

Kisha akauliza swali la mwisho, pengine la kumaliza karatasi tu. "Ulipomwandikia asiloweke nafaka, ulikuwa unataka nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa naionea haya pombe. Jibu lilikuwa limeshaandikwa, tena kwa mkono wako. Kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa tu. Nikashindwa. Nilishakukana mara moja mbele ya watu, kwa neno dogo tu, na nilijua lilivyonikaa. Nikasema, "Nilitaka asiangamie, Bwana. Siri sikuitoa, lakini nilitaka ajihadhari."

Aliandika kwa muda mrefu. Tenda yenu haikuguswa, kwa kuwa maelezo yako yalionyesha hukuelewa kitu. Mimi nimeshushwa ngazi mbili. Sasa naandika leseni za mbwa na za baiskeli. Mbwa huku ni wengi, baiskeli ni tatu, moja ni ya polisi. Nyumba ni chumba kimoja na baraza, paa la bati, mvua ikinyesha tunaongea kwa ishara. Mke wangu hajanilaumu. Alisema tu kwamba angeninunia kama ningejibu vingine.

Siku ya kwanza wenzangu wa hapa walinikaribisha chai. Karani wa mahakama, mpima ardhi na askari mmoja. Wakauliza nimetoka kwa watu gani. Hawakuuliza kazi ya mtu. Nikawaambia nimelelewa na kusomeshwa na dada yangu, mpika pombe mwenye leseni miaka kumi na moja, mji mzima unamwita Mama Mapipa. Askari akauliza, "Pombe yake ilikuwa nzuri?" Nikamwambia watu walikuwa wakitembea maili sita kuifuata, na kurudi walikuwa hawazihesabu. Wakacheka. Nami nikanywa chai yangu polepole, kama Mama anavyotaka.

Mdogo wako.


28 Septemba 1948

Mdogo wangu Wino,

Marahaba. Busu lifike kwenye jino.

Nimekukasirikia siku mbili kamili. Ngazi mbili, kwa jibu ambalo hakuna aliyekuwa analitaka. Ningekuwa mimi ningeitikia kwa kichwa, nikaenda zangu na kupata usingizi mzuri. Siku ya tatu nilijikuta nalisimulia jibu lako kwa yule mwembamba, tena kwa kujidai, ndipo nikajua hasira imeisha.

Nisikufiche, mambo si yote mazuri. Ukumbi wa Nusu Kibaba unajaa, hata wateja wangu wanakwenda, nao wakiniona wananitazama miguuni. Hospitali peke yake haitoshi watu saba, wawili wametuacha wamerudi kwa kaka zao. Mwakani tunaomba na ya jela. Mapipa nimeyakata katikati, tunaoshea nafaka. Nimevuliwa jina la mjini bila kutaka, watoto wa jirani sasa wananiita Mama Unga. Silipendi sana.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikipungua, mimi na Mama tunakuja. Usianze kuandika sababu za kutuzuia, barua yako itapishana nasi njiani. Mama ataketi mbele kwa dereva, nimeshazungumza naye. Chumba kimoja kinatosha, tulikaa watano kwenye kidogo kuliko hicho.

Barua yako nilimsomea yote, safari hii sikuruka kitu. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale ulipokunywa chai na wale watu, ukawaambia. Nikarudia. Akaomba tena, nikarudia. Mara ya tatu niliishia katikati, nikakaa na karatasi mkononi. Mama akanipapasa goti akasema, "Basi, mwanangu, weka. Nimeshaikariri." Kisha akaisema yote mwenyewe, na ya askari ndani yake, neno kwa neno.

Tuwekee maji ya kuoga. Dada yako na mama yako.